SOMO LA PANGONI: Tuliyoyaona Amboni na Tunayoyasoma katika Suratul-Kahf

  

 Ndugu wanafunzi, kila Ijumaa wengi wetu tunasoma Suratul-Kahf, sura ya 18, yenye aya 110. Wapo miongoni mwenu wanaoisoma kwa moyo bila kutazama msahafu. Lakini tulipouliza darasani, "Kahf ni nini?" jibu lilikuja mara moja: "Pango." Tulipouliza tena, "Nani kati yenu amewahi kuingia pangoni?" darasa zima likanyamaza. Mmoja tu alinyoosha kidole, akasema aliwahi kuingia nusu mwili katika shimo la muhanga akimtafuta mwanambuzi. Watu walicheka, lakini huku kwetu Gwarama hilo ndilo jibu la kweli. Tunajua vilima, mabonde na chemchemi; pango lenye vyumba na njia za chini kwa chini hatulijui.

Kwa hiyo tulipojaaliwa safari ya Tanga kwa ajili ya mashindano ya kuhifadhi Qur'an, sisi walimu wawili na wavulana kumi na mmoja, tuliazimia kuongeza siku moja ili tuone Mapango ya Amboni. (Mabinti walituuliza kwa nini wao hawakwenda. Swali lao ni la haki. Hatukuwa na mwalimu wa kike wa kufuatana nao, na hilo ni la sisi wakubwa kulitengeneza, si kosa lao.) Haya tunayoyaandika ni somo la siku ile, pamoja na jambo moja lililotokea ambalo hatukulipanga.

Mlangoni

Kutoka Kakonko hadi Tanga ni mwendo wa siku mbili kwa basi. Tulipita Nyakanazi, Kahama na Singida, tukalala Dodoma, kisha Morogoro, Chalinze na Segera. Mapango yenyewe yapo kiasi cha kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, ukiacha barabara iendayo Mombasa, karibu na kijiji cha Kiomoni na mto Mkulumuzi. Eneo lipo chini ya hifadhi ya mambo ya kale ya Serikali. Unalipa kiingilio na unapewa mtu wa kukuongoza, maana si ruhusa kuingia peke yako.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee mpole wa kule kule Tanga. Alitutazama miguuni kwanza. Watatu walikuwa wamevaa kandambili. Akasema, "Wanangu, humu mwamba umelowa, kandambili zitawaangusha," nao wakabadilishana viatu na waliokuwa na vya akiba. Kisha akauliza tuna tochi ngapi. Tulikuwa nazo tatu kwa watu kumi na watatu. Alitikisa kichwa. Hapo tulijifunza la kwanza, nasi tunaliweka wazi ili watakaokuja baada yetu wasikosee: kila mtu awe na taa yake, na kila kundi liwe na taa ya akiba. Mtu anayemulikiwa na mwenzake huona mgongo wa mwenzake tu.

Pango huchimbwa na nini?

Kabla ya kuingia tulikaa kivulini tukafanya somo dogo, kwa sababu kijana asiyejua anachokitazama hurudi nyumbani na giza lile lile aliloliona.

Mwamba wa Amboni ni jiwe la chokaa. Ni jamaa ya mawe yanayochomwa tanurini kupata chokaa ya kupaka kuta, na yanayosagwa kutengeneza saruji. Tanga ina kiwanda cha saruji kwa sababu ya mawe hayo. Wataalamu wa miamba wanasema jiwe hili lilijikusanya chini ya bahari, miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, kutokana na magamba na mabaki ya viumbe vya baharini. Kisha nchi iliinuka na bahari ikarudi nyuma.

Sasa angalia kazi ya maji. Mvua inaposhuka hubeba kiasi kidogo cha hewa ya ukaa kutoka angani. Inapopenya kwenye udongo wenye mizizi na majani yaliyooza hupata nyingine nyingi zaidi. Maji hayo huwa na ukali kidogo, mdogo sana, ulimi hauwezi kuutambua. Lakini jiwe la chokaa haliuvumilii. Maji huingia katika nyufa, yanayeyusha jiwe kidogo kidogo, ufa unakuwa mfereji, mfereji unakuwa njia, na njia kwa muda mrefu huwa ukumbi wa kusimama watu mia. Kisha mto ukishuka chini zaidi bondeni, maji huondoka na ukumbi unabaki mtupu.

Mwanafunzi anayetaka kuhakikisha asingoje safari ya Tanga. Achukue ganda la yai, ambalo ni la asili moja na jiwe la chokaa, alitie katika kikombe, akamulie ndimu juu yake, kisha atazame. Ataona vijipovu vinapanda. Hayo ni maji makali yanakula ganda. Ndimu ni kali sana kwa hiyo inafanya kwa saa moja kazi ambayo mvua huifanya kwa miaka mingi.

Tukakumbushana pia kuwa mapango hayafanani. Ghari Hira, lililopo Jabalin-Nur mjini Makka, ambako wahyi wa kwanza ulimshukia Mtume wetu (s.a.w.), si la chokaa iliyoyeyuka. Ni uwazi mdogo uliobaki kati ya majabali yaliyoegemeana, wa kutosha watu wachache tu. Anayesoma sira akidhani kuwa Hira ilikuwa na kumbi na vichochoro amejichorea picha isiyokuwepo.

Miaka mia tatu ni sentimita ngapi?

Tuliingia tukisema Bismillah. Mlango ni mpana na mwanga unakufuata kwa hatua chache. Baadaye njia inakata kona, na pale kona inapokata ndipo mtu hujua kuwa amezoea jua maisha yake yote bila kulishukuru. Hewa ndani ilikuwa ya joto na nzito kwa unyevu. Mahali pengine dari lipo juu hata tochi haifiki. Pengine tuliinama, na mahali pamoja tulitambaa kwa magoti mmoja mmoja. Kijana wetu mwenye mwili mkubwa kuliko wote alisimama mbele ya tundu lile akakataa kabisa. Hatukumlazimisha. Mwenzake mdogo, mwenye umri wa miaka kumi na mbili, alitangulia, kisha akamnyooshea mkono kutoka upande wa pili na kumwambia, "Kaka, ni fupi, nimehesabu magoti saba tu." Akapita. Anayeogopa pango husaidika zaidi kwa kuambiwa urefu wa njia kuliko kwa kuambiwa asiogope.

Ndani zaidi tuliona mapambo ya mawe. Tone la maji linapochungulia kwenye dari limebeba chokaa liliyoiyeyusha huko juu. Likikutana na hewa ya pangoni, hewa ya ukaa hulitoka, na chokaa haiwezi tena kubaki ndani ya maji, huganda. Tone kwa tone huota jiwe linaloning'inia mithili ya ziwa la ng'ombe, ambalo katika vitabu vya Jiografia huitwa stalaktiti. Tone likianguka na kuganda sakafuni huota jingine la kuelekea juu, nalo ni stalagmiti. Yakikutana huwa nguzo. Yapo mengine yamejikunja kama pazia na mengine yamekuwa na maumbo ambayo waongozaji wameyapa majina: hapa mamba, pale meli, kule kiti cha sebuleni. Vijana walifurahia sana majina hayo, nasi pia.

Kijana mmoja alitaka kushika ncha ya jiwe linaloning'inia. Mzee akamzuia haraka. Mafuta ya mkono wa mtu hubaki juu ya jiwe na kuzuia chokaa kushika, na ukilivunja hakuna wa kukulipia. Katika mapango mengi jiwe la namna hii hukua kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka. La mvua nyingi hukua upesi kidogo, la ukame polepole zaidi. Yaani urefu wa kidole chako ni kazi ya karne kadhaa.

Hapo tukapata hesabu nzuri. Allah (s.w.) ametueleza katika aya ya 25 ya Suratul-Kahf kuwa wale vijana walikaa pangoni mwao miaka mia tatu na kuzidisha tisa. Wafasiri wengi wamesema miaka 300 ya jua ni sawa na miaka 309 ya mwezi, na mwenye kalamu anaweza kuihakiki: mwaka wa jua una siku 365 na robo, wa mwezi una siku 354. Tukawauliza vijana, kama pango lao lingekuwa la chokaa kama hili, jiwe lililoanza kuota siku waliyolala lingekuwa na urefu gani siku waliyoamka? Walipiga hesabu kwa vidole gizani: mia tatu mara sehemu ya kumi ya milimita ni milimita 30, sentimita tatu. Mzee akatuonyesha kijiwe cha urefu huo, kidogo kama kipande cha chaki, kinadondosha maji. Walikitazama kimya kwa muda. Vizazi kumi vya watu vilizaliwa na kufa, falme zikabadilika, sarafu ya vijana wale ikawa haitambuliwi sokoni, na jiwe limefika hapo tu.

Kisha tukazima tochi zote. Hili hufanywa na kila anayeongoza wageni pangoni, lakini lina maana yake. Nje, hata usiku wa manane usio na mbalamwezi, jicho huzoea likaona kivuli cha mwembe. Pangoni jicho halizoei chochote, maana hakuna chochote cha kuzoea. Tulisikia matone tu, na mbali kidogo mbawa za popo. Mmoja wa vijana akaanza kusoma kwa sauti ya chini zile aya kumi za mwanzo, wenzake wakamfuata.

Tulipowasha taa tukahesabu watu. Wakawa kumi.

Kumi badala ya kumi na mmoja

Hapa tunakiri makosa yetu. Tulihesabu mlangoni tu. Ilitupasa kuhesabu kila baada ya mahali pembamba, na mwalimu mmoja awe wa mwisho siku zote. Sisi wawili tulikuwa mbele, tunafurahia hesabu zetu za milimita.

Mzee hakupaza sauti. Alituambia tubaki tulipo, asisogee mtu, akarudi na mmoja wetu kwa njia tuliyojia. Njia zilikuwa tatu pale, na mbili kati yake hatukuwa tumepita. Tulimwita kijana kwa jina. Pango lilirudisha jina lile kutoka pande zote hata usijue jibu linatoka wapi. Dakika zile kwa saa zilikuwa chache. Kwetu sisi tuliokabidhiwa watoto wa watu, zilikuwa ndefu mno.

Alikuwa salama. Alikuwa amesimama bila taa, mkono ukutani, mahali ambapo tulipita dakika kama kumi nyuma. Ni mahali ambapo watu wa maeneo yale huenda kuomba mzimu. Mzee alikuwa ametuonyesha kwa haraka chupa, vitambaa na sarafu zilizoachwa na wenye shida zao. Kijana alisema kamba ya kiatu ilifunguka. Tulimshukuru Allah, tukamweka katikati, tukaendelea. Kamba za viatu vyake hatukuzitazama.

Yanayosimuliwa na yanayojulikana

Amboni ina hadithi nyingi. Mzee alitusimulia kuwa njia moja inatokea Mombasa na nyingine mlima Kilimanjaro, na kwamba Wazungu wawili walipotea humo na mbwa wao, wasionekane tena, ila mbwa akaibuka mbali sana. Alisimulia pia habari za Osale Otango, mtu aliyesakwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950 na aliyejificha humo; kwa wengine alikuwa jambazi, kwa wengine mtetezi wa wanyonge. Kujificha pangoni ni jambo la kawaida katika historia yetu. Wakati wa vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, watu wa milima ya Matumbi huko Kilwa waliyatumia mapango yao hivyo hivyo.

Lakini habari ya Osale na habari ya mbwa si za daraja moja. Wapimaji wa Kijerumani na Kituruki walioyachunguza mapango yale mwaka 1994 waliona mapango kumi, na refu kuliko yote ni kiasi cha mita 900. Mombasa ni zaidi ya kilomita 100. Vijana walisikitika kidogo kuisikia hesabu hiyo! Tukawaambia wasisikitike, maana sura yenyewe tunayoisoma imetufundisha adabu ya mambo haya. Katika aya ya 22 Allah (s.w.) ametaja jinsi watu walivyobishana idadi ya vijana wa pangoni, watatu na mbwa wao, watano, au saba, wakivurumisha maneno juu ya wasiyoyajua, na Mtume (s.a.w.) akaelekezwa asijitie katika ubishi huo. Hatukupewa majina yao wala mahali pa pango lao. Hadi leo wapo wanaosema lipo Uturuki na wanaosema lipo Jordan. Tulichopewa ni alama: kwamba jua likichomoza huelekea kuume mwa pango, na likizama huwakwepa kushoto, nao wapo katika uwazi ndani yake. Ibn Kathir kwa alama hiyo alisema mlango wa pango ulikuwa upande wa kaskazini. Hiyo ndiyo kazi ya mwanachuoni: anashika kilichoelezwa, anakitafakari, na anapoishiwa dalili anasimama.

Vivyo hivyo kuhusu Ghari Thawr, kusini ya Makka, ambako Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walikaa siku tatu katika Hijra. Wengi wenu mkiulizwa mtajibu kwanza habari ya buibui na njiwa, ambayo wanachuoni wa hadithi wengi wameidhoofisha. Ipo iliyo thabiti nayo inapendeza zaidi: Abdullah mwana wa Abubakar akileta habari za Makureshi usiku, Asmaa akiandaa chakula cha safari, na Amir bin Fuhayra akipitisha mbuzi wake pale. Vijana, binti na mchungaji. Qur'an imeitaja ghari hiyo katika Suratut-Tawba, aya ya 40.

Maji ya pangoni, popo na twahara

Kijana mmoja aliuliza kama maji yanayodondoka, yenye chokaa ndani yake, yanafaa kwa udhu. Swali zuri. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maji yaliyobadilika kwa kitu kilichopo mahali yanapokaa au yanapopita hubaki katika utwahara wake na hutwahirisha; chokaa ya mwamba ni katika hayo. Isipokuwa kuosha kiungo kunataka maji yatiririke juu yake, na tone moja moja halitiririki. Ungelazimika kuyakinga chomboni. Kutayamamu kwa kupapasa ukuta wa mwamba uliolowa nako hakutoshi kwetu, maana sharti ni vumbi. Sisi tulitawadha nje kwa dumu tulilobeba, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kwa kuwa tulikuwa wasafiri tusiokusudia kukaa siku nne kamili. Huko Tanga kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja. Huku Gwarama tunaelekea kaskazini na kugeuka kuume kiasi. Wawili walisimama kwa mazoea ya nyumbani, ikabidi tuwageuze.

Uchafu wa popo ni najisi, ila wanachuoni wa Kishafii wamesamehe ule unaompata mtu bila ya kuweza kujikinga. Hilo ni la ibada. La afya ni jingine, na halina msamaha. Popo wala matunda wanaolala mapangoni wanajulikana kubeba virusi vya Marburg. Watu waliougua ugonjwa huo nchini Kenya mwaka 1980 na 1987 walikuwa wametembelea pango la Kitum katika mlima Elgon. Wala sio mbali nasi: ugonjwa ulitokea Bukoba mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025, wilaya ile ile ya Nyakanazi tunakopandia mabasi. Basi usimshike popo awe hai au mfu, usile chochote pangoni, usiketi penye kinyesi chao, na ukitoka uoge mikono kwa sabuni kabla hujagusa uso. Popo wenyewe usiwadhuru. Hula wadudu na huchavusha miti.

Sarafu ya shilingi mia mbili

Usiku tulipolala Dodoma katika safari ya kurudi, yule kijana aliyebaki nyuma alikuja mlangoni petu wenzake walipolala. Tunaandika habari hii kwa ruhusa yake, naye alisema ni heri iandikwe.

Alisema, "Ustadhi, kamba haikufunguka." Alikuwa ametoa sarafu ya shilingi mia mbili akaiweka pale penye chupa na vitambaa. Mama yake anaumwa tangu Ramadhani. Wamekwenda hospitali mara tatu, dawa zimenunuliwa, na hali haijatulia. Alipoona sarafu nyingi pale alijiambia kuwa watu wote hao hawawezi kuwa wajinga. Tena akauliza kwa dhati, "Je, nirudi nikaichukue?"

Tunakiri kuwa maneno ya kwanza yaliyotujia yalikuwa makali. Kijana huyu anazo juzuu tisa kifuani. Aina za shirki alizitaja zote katika mtihani bila kukosea hata moja. Lakini tulipomtazama tukaona kuwa sisi tulimhifadhisha majina ya ugonjwa, na hatukuwahi hata siku moja kumuuliza habari za nyumbani kwao. Mama yake anaumwa miezi mingapi, nasi hatuna habari! Mtu akizama hushika hata unyasi. Kushika unyasi hakumwokoi, na tulimwambia hivyo bila kuficha: kumuomba asiyekuwa Allah ni dhulma kubwa, na jiwe lile halikumsikia. Atubie, na mlango wa toba u wazi. Sarafu asiifuate.

Kisha tukamkumbusha hadithi ya watu watatu, iliyopokewa na Ibn Umar (r.a.) na kutolewa na Bukhari na Muslim. Mvua iliwakimbiza wakaingia pangoni, jabali likaporomoka likaziba mlango. Hawakumwita jini wala mzimu. Kila mmoja alimuomba Allah kwa amali njema aliyoifanya kwa ajili Yake. Mmoja alikuwa na wazazi wazee. Alichelewa kurudi na maziwa, akawakuta wamelala, akasimama na chombo mkononi mpaka alfajiri, hakupenda kuwaamsha wala kuwatanguliza watoto wake. Wa pili alijizuia na zinaa hali ameshaiweza, kwa kumuogopa Allah. Wa tatu alitunza ujira wa kibarua wake mpaka ukawa kundi la mifugo, akampa wote. Kila mmoja alipoomba, jabali lilisogea.

Akasema, "Ustadhi, mimi sina amali kama hizo."

Tukamuuliza nani anachota maji nyumbani tangu mama augue. Akajibu ni yeye, kila alfajiri kabla ya shule, kwenda bondeni na kupanda. Nani anapika uji? Yeye na dada yake. Akanyamaza. Tulisali rakaa mbili pamoja naye, akaomba dua yake mwenyewe, kwa Kiha, kwa muda mrefu. Hatukusikiliza alichosema.

Tangu tuliporudi tumekuwa tukienda kwao kila Alhamisi. Tulichanga nauli, na mgonjwa amepelekwa hospitali kubwa zaidi kwa vipimo. Hadi tunapoandika haya bado anaendelea na matibabu, na siku nyingine huweza kukaa nje juani. Tunawaomba wasomaji wote mumuombee shifaa. Na kama mzazi wako anaumwa, mwanafunzi, usingoje mpaka ufike Dodoma, njoo utuambie.